Mimi Nalia, Yeye Anachimba Shimo

Mwaka juzi mimba yangu ilitoka ikiwa na miezi mitano. Niliporudi nyumbani Mbinga, mume wangu hakusema neno. Alichukua jembe akaenda kuchimba bustanini. Siku nne! Shoga, nilimchukia. Mimi nalia ndani, yeye anachimba shimo.

Kumbe lilikuwa bwawa. Meta mbili kwa tatu, kina kinapita goti kidogo, chini katandika turubai la plastiki. "Utapanda maua," akasema, basi.

Nikataka yale ya zambarau yanayoelea. Mama mkwe, ambaye anaishi Mbamba Bay, aliposikia alinipigia simu saa hiyohiyo. "Mwanangu, hayo si ndiyo magugu maji? Yakitoroka, ziwa letu limekwisha." Ni kweli, ni mgeni kutoka Amerika Kusini, na miaka ya 1990 aliwatesa sana wavuvi wa Ziwa Victoria. Wiki iliyofuata likaja gunia bichi na basi: mizizi ya yungiyungi la buluu, lile la kwetu, linaloota kwenye maji yaliyotulia.

Wa kwanza niliuua mwenyewe. Niliuchanganyia samadi kama mchicha, maji yakawa kijani, mzizi ukaoza. Wa pili niliupanda kwenye beseni kuukuu lenye udongo mzito wa mfinyanzi, juu kokoto, nikauacha ncha nje ya udongo. Beseni nikalipandisha juu ya matofali ili majani machanga yafikie jua, kisha nikawa nalishusha kadiri vikonyo vinavyorefuka. Perege wawili wakamaliza viluwiluwi vya mbu.

Baridi ya Juni nusura initoe roho. Mbinga si ziwani, huku ni mlimani, usiku tunalala na blanketi mbili. Majani yalibaki matatu, madogo kama sahani za kikombe. Kila asubuhi nilitoka kuyahesabu, na kila asubuhi nilimkuta mume wangu kashatangulia, kachuchumaa. Hatukuongea. Tulihesabu tu.

Desemba likachanua. Yungiyungi hili hufunguka asubuhi na kufumba alasiri, kwa hiyo ukichelewa umelikosa. Mume wangu alileta vikombe viwili vya chai (ndiyo, tunalima kahawa, tunakunywa chai), akakaa chini kando yangu. Kisha akalitaja jina alilokuwa amemchagulia mtoto. Sikuwahi kulisikia.

Tulikaa pale mpaka ua likafumba.