Boti ya Baba, Jasho la Mama

Akina mama wenzetu, mwaka juzi baba mkwe alipofariki, sisi tunaokaa Mbinga mjini tulidhani msiba umekwisha siku ya maziko. Kumbe ulikuwa bado. Baada ya arobaini tuliitwa Liuli kwenye kikao cha ukoo. Siku hizi barabara ya lami inateremka kutoka milimani kwenye kahawa hadi Mbamba Bay, kilometa 66, halafu unafuata mwambao wa Ziwa Nyasa kuelekea kaskazini. Njia nzima hatukusemezana sana. Mmoja wetu ni mtoto wa nyumba ile, mwingine ni mkwe, na kila mmoja aliogopa lake.

Jambo lenyewe lilikuwa boti. Ni boti ya mbao, ndefu, yenye mashine. Mwenyewe wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa Mbamba Bay. Wa pili alikuwa mvuvi wa Lituhi, aliyeiacha mchangani mpaka mchwa wakaizoea. Baba aliinunua ikiwa gofu, akaita fundi, zikabadilishwa mbao za ubavuni, ikazibwa nyufa kwa pamba na lami, ikarudi majini. Kwa miaka mingi ilibeba dagaa, mihogo na abiria, na zaidi ya mara moja ilimfikisha hospitalini mama mwenye uchungu usiku wa manane. Kisha Baba akaugua, na boti ikalala tena mchangani.

Shemeji mkubwa alitaka mashine iuzwe na fedha zigawanywe kwa watoto wa kiume. "Risiti ina jina la Baba," alisema. "Mama hana boti." Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameinamisha kichwa, hasemi kitu.

Gari la mamilioni

Wazee walipokuwa wakisubiriana chini ya mwembe, kijana mmoja wa ukoo alitoa simu yake akatuonyesha picha ya gari la kale la Kiitalia, Ferrari 250 GTO. Alitueleza kuwa yalitengenezwa 36 tu kati ya mwaka 1962 na 1964, na kwamba moja liliuzwa kule Marekani mwezi Agosti 2018 kwa dola zaidi ya milioni 48. Tulishangaa. Gari kuukuu? Akasema matajiri hawanunui chuma peke yake. Wananunua na habari zake. Nani alilimiliki kwanza, nani akafuata, nani alilitengeneza lilipoharibika, na je, yote hayo yameandikwa? Gari lisilo na maandishi hayo hupungukiwa thamani hata likiwa linang'aa.

Baba mdogo, ambaye ni mzee wa hapo hapo Liuli, alicheka. "Mbona hapa petu pana chombo chenye habari kuliko hilo gari!" Akanyoosha mkono kuelekea jiwe la Pomonda, lile lililowafanya Wajerumani waiite Liuli Sphinxhafen, kwa kuwa waliliona linafanana na sanamu ya Sfinksi ya Misri.

Meli iliyobadilishwa jina

Alikuwa akisema habari za meli Hermann von Wissmann. Wajerumani walichangishana fedha kwao ili ipatikane meli ya kupambana na biashara ya watumwa katika Ziwa Nyasa. Ililetwa vipande vipande na kuunganishwa huku mwanzoni mwa miaka ya 1890. Baadaye ikawa chombo cha serikali ya kikoloni.

Tarehe 13 Agosti 1914 ilikuwa imepandishwa nchi kavu hapo Liuli ikitengenezwa. Meli ya Waingereza, Guendolen, ikatokea na kuipiga mzinga. Nahodha Mjerumani, Berndt, hakuwa na habari kwamba vita imeanza Ulaya. Alikuwa rafiki wa nahodha Mwingereza, Rhoades, na walizoea kunywa pamoja. Basi akapanda mtumbwi kwa hasira kwenda kumwuliza kama amelewa. Akaambiwa kuna vita, naye ni mateka. Mwaka uliofuata Waingereza walirudi wakaiharibu zaidi. Mwaka 1918 ikatengenezwa upya, ikapewa jina la mfalme wa Uingereza, King George V, na kuwekwa kazini tena. Meli ile ile, mbavu zile zile, lakini jina la mwingine.

Baba mdogo akaongeza habari za Chauncy Maples, meli ya misheni iliyopewa jina la askofu aliyezama katika ziwa hili mwaka 1895. Iliundwa Glasgow, ikaletwa kwa vipande zaidi ya 3,000, ikashushwa majini mwaka 1901. Ilikuwa kanisa, shule na zahanati inayotembea juu ya maji, na mwambao wetu uliifahamu. Miaka ya 1950 misheni iliiuza. Mwaka 1967 ilifungwa mashine ya dizeli mikononi mwa Malawi. "Lakini boila lake," alisema, "lile pipa kubwa la chuma la kuchemshia maji ya mvuke, lilivutwa nchi kavu na wanaume wa Kingoni wapatao 450, kilometa kama 100. Jina la askofu liko kwenye meli. La mvutaji hata mmoja halipo."

Mama anafungua fundo

Hapo ndipo Mama alipoinua kichwa. Alisema taratibu, bila kugombana: "Basi, mimi ni mmoja wa hao wavutaji."

Akafungua fundo la khanga, akatoa daftari la shule lililochakaa. Ndani yake mlikuwa na hesabu zake za dagaa wa kukaushwa na mihogo, mwaka kwa mwaka. Mbao za ubavuni: Mama. Nusu ya mashine: Mama, kwa fedha za dagaa. Lami, pamba, ujira wa fundi: Mama. Baba mwenyewe alikuwa ametia sahihi pembeni, mahali pawili. Hakuna aliyejua kuwa daftari hilo lipo, hata sisi.

Tusiseme uongo kwamba kikao kiliisha kwa nyimbo. Wazee waliamua boti na mashine vibaki kwa Mama, na watoto wapate sehemu ya mapato. Shemeji mkubwa aliondoka bila kuaga, na Pasaka iliyofuata hakuja. Jambo hilo bado linatuuma, na tunaendelea kumwendea.

Sisi nasi tuliporudi Mbinga tulibishana. Fedha za kahawa za msimu ule zilikuwa za kuezeka nyumba. Mmoja wetu alisema boti itengenezwe, mwingine alisema watoto wananyeshewa. Mwishowe tulitengeneza boti kwanza, na tukanyeshewa mwaka mmoja zaidi. Safari hii risiti za fundi ziliandikwa jina la Mama.

Na nyumbani kwako je?

Baada ya hayo tuliuliza mambo ya sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 60, inasema mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mume peke yake au mke peke yake huchukuliwa kuwa ni ya huyo mwenye jina, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ikiandikwa majina ya wote wawili, huchukuliwa kuwa haki zao ni sawa. Angalieni, akina mama: "mpaka ithibitishwe." Bila lile daftari, Mama angethibitisha kwa nini?

Kuandika si kumtilia shaka mume. Baba alimpenda Mama, ndiyo maana alitia sahihi bila kinyongo. Ni vizuri jambo hili lifanyike wote wawili wakiwa wazima na wanacheka, si wakati kaburi lina udongo mbichi.

Sisi tumeanza. Jioni moja, baada ya chakula, tulitoa kwenye sanduku karatasi za kiwanja na za cherehani, tukakuta zote zina jina moja. Kesho yake tulikwenda pamoja kuuliza namna ya kuongeza la pili.