Mikebe ya Saruji

Vijana wetu wa Likoni hunyanyua bomba lililotiwa mkebe wa saruji kila ncha. Nasi, kwa kutaka sifa, tulilinyanyua, mabega yamepanda hadi masikioni. Kulipokucha, baina ya mabega paliwaka moto, kusujudu hatukuweza. Tulimwachia mwanafunzi wetu uimamu, tukaswali nyuma yake kitini, kwa ishara. Ruhusa hiyo tumeifundisha miaka mingi, lakini twakiri kwamba siku ile tuliona haya kuitumia.

Mama watoto alitukanda kwa kitambaa cha maji moto. "Maalim, uzito ule si wako," akasema. "Anza na chupa za maji, ushushe mabega." (Ganzi ikishuka mkononi, au kifua kikibana, hospitali isingoje.)

Siku ya tisa tulisujudu. Chupa mbili zingali chumbani. Bomba hatujaligusa tena.