Fimbo yangu ya mpera haijaroga mtu

Fimbo yangu ni ya mpera. Urefu wake ni kutoka kiwiko changu hadi ncha ya kidole cha kati, unene ni kama kidole gumba, na tangu niichonge haijaroga mtu. Asubuhi kabla sijaongea na yeyote natoka nayo nje, naangalia pale jua linatokea, naishika kwa mikono miwili, nawataja watu wetu waliotangulia kwa majina, halafu nasema kitu kimoja tu ambacho nataka siku hiyo inipe. Dakika tano, basi. Kama ulikuja kutafuta radi na moshi wa zambarau, pole msee.

Naandika hii juu naona vijana wengi wa Kenya sai wameingia Wicca kupitia simu. Sina shida na hiyo. Shida yangu ni pale mtu ako Umoja ama Kitale anahangaika kutafuta tawi la hazel ama la mwaloni kwa sababu ndivyo video ilisema, na akikosa anaagiza ya plastiki kama ya Harry Potter. Kwani Waingereza walichagua hazel kwa nini? Ilikuwa inamea nyuma ya nyumba zao. Hata kipimo chenyewe wanachofundisha ni mkono wako, kiwiko hadi kidole. Yaani kitu kinaanzia kwa mwili wako na kwa ardhi unayoikanyaga, halafu wewe unakingoja kwa boda ya kuleta mizigo.

Haya, ardhi ya huku kwetu. Chekalini iko Lugari, kaskazini mwa kaunti ya Kakamega, na si mahali pa zamani sana. Haya yalikuwa mashamba ya masetla. Miaka ya 1960 serikali ikayagawanya kwa mpango wa makazi, watu wakaja kutoka pande nyingi za Uluhya, kila mtu na lahaja yake na mila zake. Makaburi ya mababu yalibaki walikotoka. Hata miti mingi unayoiona barabarani ni ya kuja: mkaratusi na mgrevilia asili yake ni Australia, saipresi ni Meksiko. Kwa hivyo ukitaka mti wa kienyeji kabisa, inabidi utembee kidogo.

Wa kwanza utakaotajiwa ni murembe. Maua yake ni mekundu kama makaa, yanatoka wakati mti hauna majani, na gome lake ni nene lenye miiba. Huo usiuguse. Kwa Waluhya murembe ni mti wa kiapo: watu wakigombana wanapelekwa hapo, kila mmoja anaapa, na aliyedanganya anajua kifo kinamfuata. Wanasiasa wa Magharibi wakitaka kutishana bado wanautaja. Sasa wewe ukikata tawi lake ndio uchonge kijiti cha kurekodi video, umejiitia kesi na humjui hakimu. Cha kuchekesha ni kwamba Wazungu wako na mambo kama hayo. Huko Denmark kuna mti ambao Waingereza wanauita elder, na masimulizi ya zamani yanasema usiukate kabla hujaomba ruhusa kwa mama anayekaa ndani yake. Nimekutana na Wakenya wanaijua hiyo ya Denmark kwa kichwa, lakini murembe wanaupita kila siku wakienda stage na hawajui jina lake.

Baada ya murembe niliangalia lusiola, ule wa maua ya manjano. Mti mzuri, unatengeneza nguzo na mipini. Lakini wa kwetu ulikuwa umenyooka vizuri sana, na mathe aliniambia wazi kuwa hiyo ni pesa imesimama.

Nikaenda kwa mpera. Kila mtoto wa huku anaujua kwa sababu ndio mti wa manati: mgumu, nyuzi zimeshikana, haupasuki ovyo. Najua, mpera pia ulitoka Amerika. Lakini nimeupanda nikiwa mdogo, nimeanguka kutoka juu yake, nimekula mapera yake pamoja na mabuu ndani. Huo mti unanijua, na mimi naona hiyo inatosha.

Ukishakata tawi, usikimbilie kulichonga. Mbao hupoteza maji haraka kwenye ncha kuliko katikati, ndio maana nyufa huanzia hapo. Yeyusha mshumaa, paka ncha zote mbili, halafu laza tawi kivulini. Si juani, si juu ya jiko. Langu lilikaa wiki sita juu ya kabati. Baada ya hapo ni kisu, kisha msasa, unaanza na ule mkali unamaliza na laini. Kupaka, nunua mafuta ya kitani kwa duka la rangi, hayo hukauka yakashika. Ya kupikia hayakauki, fimbo itabaki ikinata na mwishowe itanuka. Na tafadhali, kitambaa ulichopakia mafuta ya kitani usikikunje ukakitupa kwa kona. Kinaweza kujipasha moto chenyewe mpaka kiwake. Hiyo ni kemia tu. Kitandaze nje kwanza kikauke.

Sikuweka kioo wala jiwe la kung'aa. Nilichoma pete tatu kwa msumari wa moto karibu na shina: ya kukhu, ya mathe, na yangu.

Mathe aliiona siku moja akitafuta blanketi. Akaniuliza, “Hii nayo ni ya nini?” Nikamwambia ni ya kuombea. Akaigeuza, akazihesabu pete, akanyamaza. Halafu akasema, “Basi usiiache mahali wageni wataiona.” Hakuniambia niitupe wala nitubu. Aliogopa macho ya watu.

Nimeifikiria hiyo sana, maana fimbo zenyewe tunaziheshimu hii Kenya. Februari 2020, kwa mazishi ya Moi kule Kabarak, nchi nzima iliangalia kwa TV rungu lake likikabidhiwa Gideon, na hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Mzee Kenyatta alikuwa na usinga. Askofu ana fimbo yake. Musa alipiga mwamba na yake, maji yakatoka, na tulifundishwa hiyo Sunday school tukiimba. Hakuna mahali hapo mtu alisema uchawi. Kwa mkono wa mwanaume mwenye cheo, fimbo ni heshima. Ikiwa kwa msichana ama kwa mama mzee mjane, minong'ono inaanza.

Na minong'ono inaua. Oktoba 2021 kule Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati, wakachomwa, kwa kusingiziwa uchawi. Kwa hivyo mimi naachana kabisa na wenzangu wanaojiandika “mchawi” kwenye wasifu wao kama urembo. Nairobi utapata likes. Lakini hilo neno likirudi kijijini halikutafuti wewe na kucha zako nyeusi. Linamtafuta kukhu anayeishi peke yake, ambaye macho yake ni mekundu kwa sababu ya moshi wa kuni. Wewe unaweza kulifuta jioni ukichoka nalo, yeye hawezi.

Hapa kwa sheria ndipo hasira hunipanda. Mtu aliyeitoa Wicca hadharani ni Mwingereza, Gerald Gardner, na kitabu chake Witchcraft Today kilitoka 1954. Kilimfaa sana kwamba Uingereza ilikuwa imefuta sheria yake ya uchawi ya 1735 mwaka wa 1951. Lakini Waingereza hao hao walikuwa wametuwekea yetu, ya 1925, na hiyo iko mpaka leo, Sura ya 67. Walijifungulia mlango wao, wetu wakauacha na kufuli. Mwaka wa 1948 walipiga marufuku Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde wa Kimilili, aliyewaambia watu warudi kwa ibada ya mababu, na Masinde akawekwa kizuizini miaka mingi. Kenya huru nayo ikaja ikaipiga marufuku tena 1968. Miaka ambayo Mwingereza alikuwa anaandika kitabu kuhusu upagani wake, Mbukusu alikuwa ndani kwa sababu ya wake.

Soma hiyo Sura ya 67 kabla hujaanza kutembea na fimbo. Inamshika mtu mwenye kifaa cha uchawi kwa nia ya kumtia mwingine hofu, kumsumbua au kumdhuru, kwa hivyo usiwahi kumnyooshea mtu fimbo yako, hata kwa mzaha, hata kwa ex. Na kuna kipande ambacho watu hawakitaji: kumwita mtu mchawi pia ni kosa. Ukiwa na shaka unaipeleka kwa ofisa wa serikali, si kwa umati. Upande wako uko na Katiba ya 2010, kifungu cha 32, uhuru wa dhamiri, dini, imani na maoni. Chifu akiniuliza, hiyo ndiyo namba nitamtajia.

Mimi siiti hiyo kitu wand, na sijiiti chochote. Nyumbani inaitwa fimbo. Sikumficha kukhu, nilimpelekea mwenyewe. Aliipima mkononi akasema ni nyepesi, haiwezi kuua nyoka, fimbo ya kuka ndiyo ilikuwa fimbo. Halafu akapitisha kidole kwenye ncha, akapata mahali bado panakwaruza, akanirudishia niende nipige msasa tena.