Kabla ya Kulipia Megabiti, Zunguka Nyumba na Simu

Mdogo wangu anarudia Fizikia ya kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea. Yuko nyumbani Kibosho. Mwalimu hana, ila ana YouTube, na kuna walimu wa huko anaowaelewa vizuri kuliko alivyokuwa anaelewa darasani. Shida video ilikuwa inaganda. Mwalimu anachora sakiti, mkono unabaki hewani, kiduara kinazunguka, na picha ikirudi hesabu imeshafika mstari wa mwisho. Kwa mtu wa tamthilia hiyo ni kero tu. Kwa mwenye mtihani Mei, hiyo ni mada imempita.

Mama akasema tuweke waifai. Yeye atoe hela ya ndizi anazouza Mbuyuni, mimi nichangie kwenye boom. Boom lenyewe mnalijua, kwa hiyo nilitaka kila shilingi ijieleze.

Dukani mjini, kijana wa mauzo alinipigia hesabu ya megabiti 50 kwa sekunde. Nikamuuliza, za nini? Netflix wenyewe wanashauri megabiti 3 kwa video ya 720p na 5 kwa 1080p. Ubao wa mwalimu unasomeka hata kwa 480p, tena saa nzima inakula kama nusu GB tu. Ninyi mnaoishi wanne gheto moja Longuo, kila mtu na mechi yake, jumlisheni kinachotazamwa kwa wakati mmoja mwongeze kidogo. Na kama faiba imepita mtaani kwenu, changeni, msijiulize mara mbili. Kwetu haijafika, tukabaki na ruta ya laini.

Sasa ruta ya laini inagawa kile ilichopewa na mnara, haiongezi kitu. Hapo ndipo watu wanapigwa. Nikapanda Kibosho Jumamosi na laini tatu za mitandao tofauti, nikasubiri saa mbili usiku, muda ambao kila mtu yuko mtandaoni, nikaanza kuzunguka kihamba na simu mkononi kama mtu aliyepoteza funguo. Kupima saa nne asubuhi ni kujidanganya.

Mlima una mambo yake. Kule Horombo, mita 3,720, intaneti ya kasi ilizinduliwa Agosti 2022, na mpanda mlima anaweza kupiga simu ya video akiwa kwenye baridi. Sisi tuko chini sana ya hapo na tunahesabu vijiti vya mtandao. Urefu si hoja, hoja ni kama mnara unakuona. Nyumba yetu imejificha ukingoni mwa korongo na migomba imeizunguka. Majani yaliyolowa mvua yanapunguza nguvu ya mawimbi, na bati linayarudisha yalikotoka.

Laini ya kwanza haikushika kitu. Ya pili ilishika getini tu. Ya tatu ilikuwa na nguvu sehemu moja, dirishani chumbani kwa mama, panapotazama mjini. Pale video ya 720p ilienda nusu saa bila kusimama. Chumbani kwa dogo, hatua kumi na mbili tu, laini ileile iliganda dakika ya pili.

Mama hakutaka. Ruta ni kitu cha sebuleni, akasema, na alishaipangia nafasi kwenye kabati la vyombo, juu ya kitambaa cha kufuma. Sikubishana naye. Niliazima ruta kwa rafiki, nikafungulia somo, nikaiweka kabatini. Ikaganda. Nikaipeleka dirishani, ikatembea. Mama akaangalia mara mbili, kisha akasema, "Haya, mwanangu, nisaidie kusogeza kitanda."

Ndani ya nyumba kazi ilikuwa ndogo. Ruta nyingi siku hizi zina mawimbi ya aina mbili. Ya gigahazi 5 yana kasi lakini yanachoka ukutani, ya 2.4 yanapenya zaidi. Dogo yuko nyuma ya kuta mbili za tofali, akaunganishwa kwenye 2.4. Tukaongeza na kibetri cha ruta kwa ajili ya umeme ukikatika. Ukinunua, angalia volti zilizoandikwa nyuma ya ruta yako, zisipolingana utaiunguza.

Kuna siku hata haya yote hayasaidii. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikayumba nchi nzima. Ndiyo maana nimemwambia dogo ahifadhi masomo ya siku tatu mbele kwenye simu, usiku wa manane mtandao ukiwa mwepesi.

Amemaliza mada ya umeme, sasa yuko kwenye mawimbi, na maswali ananitumia mimi ninayesoma ushirika. Mwezi huu zamu ya kulipia ni yangu, na boom bado halijaingia.