Kuchagua Kazi

Aghalabu mtoto huulizwa atakuwa nani kabla hajajua yeye ni nani. Huulizwa Temeke na Kinondoni, barazani, arusini, na siku matokeo ya mtihani yatokapo. Asiye na jawabu huambiwa kuwa mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo ni ya haki kwa mvivu, bali si kwa kijana huyu. Yeye hachagui jembe. Achagua shamba, na huenda akalilima maisha yake yote.

Tena uchaguzi wenyewe humjia mapema. Mitaala iliyoanza kutumika mwaka 2024 imeigawa elimu ya sekondari katika mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Baada ya kidato cha nne huja tahasusi: ashikaye historia, Kiswahili na Kiingereza huwa ameupa udaktari kisogo. Kwa kalamu moja mtoto hufunga milango ambayo hajapata kuchungulia ndani yake.

Wazazi wake wamejinyima ili walipe ada, na hofu yao ina sababu. Lakini wakimchagulia kwa hofu, watampa kazi zile chache tu wazijuazo: udaktari, ualimu, uaskari. Ni heri wamtembeze. Jijini mwake mna shule isiyotoza ada. Akae siku nzima, si nusu saa, kwa maseremala wa Keko. Aone vumbi, bei ya mbao, mteja mgumu wa kulipa, na furaha ya mlango uliokaa sawa. Afike Chang'ombe, kwenye chuo cha VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, aone ufundi ukifundishwa kwa utaratibu. Awatazame wachonga vinyago wa Mwenge, kisha apande Mlimani, kilipo Chuo Kikuu tangu mwaka 1964. Jioni asiulizwe, "Umeamua?" Aulizwe ni saa ipi iliyopita upesi, na ni taabu ipi aliyoiona kuwa ya kuvumilika. Kila kazi ina taabu yake. Mtu huidumu ile ambayo taabu yake haimchukizi.

Wala uchaguzi wa kwanza si kaburi. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa kusini mwaka 1932, alikuja Dar es Salaam akatumikia nyumba za watu. Mwaka 1968, umri umekwisha pita miaka thelathini na mitano, alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za mafuta, na picha zake ziliuzwa Oysterbay, katika Kinondoni. Alikufa mwaka 1972. Lakini jamaa aliowafundisha waliiendeleza kazi ile, na leo mtindo mzima wa uchoraji huitwa kwa jina lake. Hapana fomu ya shule ambayo ingaliweza kumwandikia kazi hiyo, kwa kuwa haikuwako mpaka yeye alipoianza. Hata hivyo hakungoja kipawa kimlishe; alifanya kazi iliyokuwako mpaka ilipotokea iliyo yake.

Basi kijana asitaye asichekwe wala asisukumwe. Aonyeshwe kazi nyingi kwa macho, aguse chache kwa mikono, aelezwe kweli juu ya ujira wake, kisha aachiwe neno la mwisho. Wazee watamsindikiza hadi mlangoni. Kazini ataamka kwenda peke yake kila asubuhi.