Anayekatwa na Anayetoa

Kwa muda mrefu nimekuwa mtu wa kushikishwa daftari la mchango. Mtu akilazwa na bili ikapanda, jamaa huunda kamati, kamati hutafuta mweka hazina, na kwa kuwa nafanya kazi ya ofisi hapa Kutus na watu wananiamini na pesa zao, jina langu hutajwa mapema. Huwa naipokea kazi hiyo kwa moyo. Nimelelewa kuamini kwamba mchango ndio utu wetu, na bado naamini hivyo, ingawa siku hizi imani hiyo naigeuzageuza kabla ya kuitamka.

Daftari hilo, ukilisoma kwa miaka, lina habari zake. Mgonjwa aliyekuwa akiimba kwaya, au mwenye duka kando ya barabara ya Kerugoya, au mwenye mwana Marekani, mchango wake hujaa upesi. Mgonjwa aliyekuja kutoka mbali kutafuta kibarua cha kupalilia mpunga Mwea, akapanga chumba kimoja na kuishi kimya, mchango wake husimama njiani. Hakuna aliyemkatalia. Hatukumjua tu, na mkono hutoa kwa anayejulikana. Nilikaa na jambo hili muda mrefu nisijue nilifanyie nini, mpaka nikaanza kuona kwamba hapo ndipo bima inapotofautiana na mchango: pesa yangu ya bima huenda ikamtibu mtu wa Lodwar au Lamu ambaye sitamwona maishani, na yeye hahitaji kuimba kwaya ndipo atibiwe.

Nchi yetu imelizunguka wazo hili tangu ilipokuwa changa. NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya hospitali, ilianzishwa mwaka 1966, kwanza kwa watu wa mishahara. Mwaka 1972 mlango ukafunguliwa kwa waliojiajiri, kwa hiari yao. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha mswada wa Waziri Charity Ngilu uliotaka bima ya jamii kwa kila Mkenya, lakini Rais Mwai Kibaki, mwana wa Othaya, jirani yetu, hakuutia saini. Desemba 2018 kaunti nne, Nyeri ikiwemo, zikaanza kuujaribu mpango wa afya kwa wote. Kisha ikaja sheria ya bima ya afya ya jamii ya Oktoba 2023, na tarehe 1 Oktoba 2024 SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, ikachukua nafasi ya NHIF. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote. Asiye na mshahara hujibu maswali kuhusu nyumba yake na maisha yake, hukadiriwa, na hulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo, isiyopungua shilingi 300 kwa kila mwezi, yaani 3,600.

Niliifurahia sheria ile, na nikawa mhubiri wake. Sokoni nilimuuliza mama mmoja anayeniuzia ndizi kwa nini amejiandikisha lakini hajalipa. Alipanga ndizi zake kwanza, kisha akanijibu kwa upole: "Mama, wewe unakatwa. Mimi natoa."

Sikupata la kumjibu, na sina hakika kama nimelipata hata sasa. Ni kweli kwamba katika maisha yangu yote ya kazi sijawahi kuamua kulipa bima. Pesa hiyo huondoka kabla sijaiona, na kile nilichokiita busara yangu kilikuwa mpangilio wa hati ya mshahara. Yeye angelazimika kuzihesabu shilingi 3,600 akiwa mzima wa afya, karo ikidai, mtaji wa kesho ukidai, kwa ajili ya ugonjwa ambao huenda usije. Marekani, nchi tajiri kuliko yetu mara nyingi, ilikwama mahali hapohapo. Sheria aliyoitia saini Rais Obama mwaka 2010 iliwataka watu wawe na bima au watozwe faini. Wengi waliichukia faini hiyo kuliko kitu kingine chochote katika sheria ile, na kufikia mwaka 2019 ilikuwa imeshushwa hadi sifuri. Mzima kumlipia mgonjwa ni jambo gumu kila mahali. Ningependa kusema ni uchoyo, lakini uso wa yule mama haukuwa wa mchoyo.

Nafikiri zaidi siku hizi juu ya majira ya pesa. Mpunga wa Mwea huvunwa zaidi mwisho wa mwaka, na wiki hizo hata muuza ndizi huuza vizuri. Malipo ya kahawa hufika kwa wakati wake. Kati ya hapo kuna miezi ya ukame wa mfuko. Mwaka 2025 serikali ilileta mpango wa Lipa SHA Pole Pole, mtu akopeshwe ada ya mwaka airejeshe kidogo kidogo; ni hatua, ingawa kwa anayeogopa deni ni mzigo mwingine. Na kuna suala la imani, ambalo haliponywi kwa mkopo: mtu aliyewahi kulipa kwa uaminifu kisha akaambiwa dirishani kwamba jina lake halionekani kwenye mtambo, hulipa tena kwa shida.

Kwa hiyo sihubiri tena sokoni. Nina ombi tu, nalo nalielekeza kwa vyama vyetu vya Kutus, vya akina mama, vya bodaboda, vya makanisa. Zahanati na vituo vya afya vinatibu bila ada ya SHA, lakini siku ya kulazwa ndiyo inayotuletea daftari. Msimu wa mpunga ukifika na mfuko wa chama umejaa, tuulizane nani kati yetu hajalipiwa mwaka huu, na tumlipie wakati bado ni mzima. Na tukishawamaliza wetu, tumtafute yule kibarua wa chumba kimoja tusiyemjua jina.