Belleville, mji wa washikaji walionuniana

Leo kona yetu inapanda treni. Siyo ile ya Kigoma, ni ya St. Louis, Marekani, ambako binamu yangu anabeba maboksi, nami nilimtembelea kwa wiki mbili. Kila mtu ananiuliza kama nililiona lile Tao lao maarufu. Nililiona. Lina urefu wa mita 192, linang'aa kama sufuria mpya, basi. Kilichonitoa kitandani asubuhi na mapema ni mji mdogo ulio ng'ambo ya Mto Mississippi, unaoitwa Belleville.

Ngoja nikupe mkasa wenyewe. Mimi na mshikaji wangu mmoja tulikaa dawati moja tangu kidato cha kwanza hadi cha nne. Tulikuwa na magitaa mawili, moja la kuazima, na ndoto ya bendi. Siku moja nikasikia kwa mtu wa tatu kwamba jamaa amejitoa. Hakuniambia mwenyewe! Nikanuna, naye akanuna. Mwezi wa nane huo hatusemeshani. Binamu aliponisikia nalalamika akacheka: "Nenda Belleville, dogo. Wako wenzenu kule."

Treni inavuka mto juu ya daraja la Eads, la mwaka 1874. Chini maji ya rangi ya chai ya maziwa, mbele yako jimbo la Illinois. Belleville ni kama kilomita 25 tu kutoka St. Louis, lakini ukishuka unaona umeingia dunia nyingine. Nyumba za matofali mekundu zimejipanga, mji wa wahamiaji wa Kijerumani na wachimba makaa ya mawe wa zamani. Katikati kuna uwanja wenye chemchemi ya maji, magari yanaizunguka taratibu kama hayana haraka ya kufika popote. Nilikaa pale na soda yangu nikahesabu wapita njia. Vijana walikuwa wachache kweli.

Sasa vuta picha mji huo miaka ya themanini. Migodi imeshachoka, na kiwanda cha bia kilichokuwa fahari ya mji kikafungwa mwaka 1988. Kijana ukimaliza shule unafanya nini? Jay Farrar na Jeff Tweedy, waliofahamiana shuleni, walichukua magitaa. Pamoja na mpiga drams Mike Heidorn wakawa na bendi ya The Primitives, na mwaka 1987 ikageuka kuwa Uncle Tupelo.

Walichofanya ndicho kilichonidatisha. Walichukua panki, ule muziki wa kelele na hasira, wakauchanganya na kantri ya wazee wa vijijini. Dakika moja gitaa linanguruma kama lori la mchanga, dakika inayofuata unasikia wimbo wa taratibu wa mtu aliyechoka na kazi, chupa mkononi. Farrar alikuwa kijana wa miaka ya ishirini, lakini sauti yake ilikuwa ya mzee aliyefiwa na ng'ombe wote.

Albamu ya kwanza, No Depression, walirekodi Boston na ikatoka 1990. Jina walilitoa kwenye wimbo wa zamani ambao familia ya Carter waliurekodi 1936. Mambo yalikolea hadi mwaka 1995 likaanzishwa gazeti la muziki huo lenye jina hilohilo. Ya pili ikatoka 1991. Ya tatu waliirekodi kwa siku tano tu za Machi 1992, kule Athens, Georgia, chini ya Peter Buck, mpiga gitaa wa R.E.M. Hapo waliweka kelele pembeni wakapiga magitaa makavu na nyimbo za wachimba makaa. Mwaka 1993 ikaja Anodyne, safari hii kwa kampuni kubwa. Bomba tupu.

Na hapo ndipo kasheshe lilipoanza. Mwanzoni Farrar ndiye aliyetawala kwenye kuimba, lakini Tweedy naye akakua, akaleta nyimbo zake nyingi. Fahali wawili, zizi moja. Januari 1994 Farrar akasema anaacha bendi. Alimwambia nani? Meneja! Tweedy, rafiki yake wa tangu shule, akazisikia kwa mtu mwingine. Msomaji wangu, niliposikia hilo soda ilinipalia.

Walimaliza ziara kishingo upande, na Mei 1, 1994 wakapiga onyesho la mwisho katika ukumbi wa Mississippi Nights, St. Louis. Jioni nikarudi kuutafuta. Nilishuka kituo cha Laclede's Landing, karibu na mto, nikazunguka hadi miguu ikawaka. Haupo. Ulifungwa 2007 ukavunjwa kupisha mradi wa kasino.

Usiniambie kwamba kuachana kuliwaua. Mwaka 1995 Farrar alitoka na bendi ya Son Volt, na Tweedy na Wilco. Wilco ndiyo iliyopaa zaidi: albamu yao ya Yankee Hotel Foxtrot ilikataliwa na kampuni mwaka 2001, ikatoka kwa kampuni nyingine 2002, watu wakaikumbatia, na mwaka 2005 wakabeba Grammy kwa albamu iliyofuata. Kwa hiyo kimuziki tulipata bendi mbili badala ya moja. Lakini Uncle Tupelo haijarudi jukwaani tena, zaidi ya miaka 30 sasa. Wale wawili walipata kila kitu isipokuwa wao wenyewe.

Nikiwa pale mtoni nikawaza: sisi hatuna albamu, hatuna Grammy, hatuna hata gitaa la pili maana lile la kuazima lilisharudishwa. Sasa tunanuniana kwa mali ipi?

Saa nne usiku, ambayo Dar ni saa kumi na mbili alfajiri, nikampigia. Akapokea na sauti ya usingizi.

"Nani tena saa hizi?"

"Mimi. Hivi lile gitaa lako bado zima?"

Kimya. Nikajua amekata. Kisha akasema, "Uzi mmoja umekatika."

Nikamwambia nitamletea seti nzima. Na nimemletea, zipo mezani naandika huku naziangalia. Jumamosi anakuja kuzichukua. Bendi sijui, hilo tutaona. Ila kama na wewe una mshikaji mliyenuniana, usimtume mtu. Piga simu mwenyewe, hata kama ni alfajiri.

Tukutane wiki ijayo!